Willy Gamba Hajafika Katesh

Mhariri, nipe nafasi. Nimechoka kusikia kwamba riwaya za upelelezi zinatuharibu sisi vijana. Eti zinatufanya wavivu, eti hazina fasihi ndani yake, eti ni "pendwa" tu, si "dhati". Wanaosema hivyo ni watu wazima wenye elimu zao, na mimi ni binti wa kidato cha nne. Lakini nina la kusema, tena nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Kiangazi cha mwaka 2022 nilikuwa nyumbani, upande wa Hanang. Matokeo yalikuwa yameshatoka na hayakunipeleka kokote. Nyumbani kuna mama mjane, wadogo zangu watatu, ng'ombe wawili, mahindi na mbaazi za kuvuna. Asubuhi nakamua, mchana niko shamba, jioni ni maji na ugali. Usiku ndio ulikuwa wangu. Kaka mmoja wa jirani, aliyewahi kufanya kazi Arusha, alikuwa ameniachia boksi zima la vitabu: Elvis Musiba, Ben Mtobwa, Hammie Rajab. Vingine havikuwa na jalada. Kimoja kilikosa kurasa za mwisho, mtu alikuwa amekokea moto. Nilivisoma vyote kwa kibatari mpaka pua ikajaa masizi. Maziwa yalimwagika jikoni nikiwa nasoma. Mama akiita, naitika "Abee!" na siendi. Ningeendaje, jamani, na Joram Kiango yuko gizani na mlango unafunguka?

Kufikia mwezi wa nane nilijiona bingwa. Kurasa arobaini tu, muuaji nimeshamjua.

Sasa sikilizeni. Jioni moja alikuja baba mdogo. Akakaa, akanywa chai, akauliza habari za ng'ombe. Halafu akatoa karatasi. "Shemeji," akamwambia mama, "hii ni ya kuandikisha shamba la marehemu. Wanataka dole gumba lako tu." Mama hakupata shule. Akaniita, "Hebu njoo uniangalizie." Nilikuwa nimebakiza kurasa kumi na mbili. Niliitupia jicho ile karatasi kama mtu anayetazama saa, nikasema, "Weka tu, mama, ni ya shamba." Mama akaweka dole.

Na kweli ilikuwa ya shamba. Ilisema kwamba mama ameuza ekari mbili za kule mtoni, tunakopanda vitunguu, na fedha ameshapokea.

Angekuwa ndani ya kitabu, mtu yule ningemshuku tangu mlangoni. Hajatukanyagia tangu matanga, leo anakuja giza linaingia, na kidau cha wino anacho mfukoni! Mtoto wa darasa la tano angeshtuka. Lakini alikuwa baba mdogo, alikuwa kwetu, na mimi nilikuwa Dar es Salaam na Joram.

Najua wazee wa fasihi mnachekelea: "Unaona? Tulisema!" La hasha. Hapo ndipo ninapowakatalia. Mbona vitabu hivyo ndivyo vilivyonifundisha kushuku? Shuleni tulifundishwa kujibu maswali ya mtihani, hatukufundishwa kumwuliza mtu mzima, "Kwa nini leo, na kwa nini jioni?" Kosa ni kwamba hakuna kitabu hata kimoja ndani ya lile boksi kilichoniambia kuwa mhalifu anaweza kumwita mama yako shemeji.

Wahalifu wa Musiba wanashuka kwa ndege. Katika Kufa na Kupona (1974), siri za wapigania uhuru zinaibwa na Willy Gamba anakwenda Nairobi kuzisaka. Simlaumu Musiba, Mungu amrehemu, alifariki mwaka 2010. Aliandika hatari ya zama zake. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa Dar es Salaam, na Eduardo Mondlane aliuawa mjini humo tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Kitabu! Wakati ule jasusi hakuwa wa kubuni tu.

Lawama ni zetu sisi waandishi chipukizi. Zama zimepita, sisi bado tunanakili. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na hoteli ya ghorofa kumi, lifti, wiski na kachero mwenye bastola. Mimi sijapanda lifti hata siku moja! Na mwanamke ndani yake nilimfanya kama tulivyozoea kusoma: ama mrembo wa kutegea watu, ama maiti. Mimi, mwanamke, niliandika hivyo. Sikumwona mama yangu popote.

Na wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilitoka mwaka 1960. Bwana Msa hana ndege wala bunduki ya rashasha. Ana kiko chake na maswali, na mafumbo ya vitabu vyake mengi yamefungwa ndani ya ukoo: nani mtoto wa nani, nani amrithi nani. Yaani mlango wa upelelezi wa Kiswahili ulifunguliwa nyumbani, sisi ndio tuliohamia hotelini.

Mnataka taharuki kubwa zaidi? Njooni Basotu. Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano kwenye ardhi ya malisho ya Wabarabaig, na makaburi ya wazee wao yakapita chini ya trekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani miaka ya 1980. Mahakama Kuu ikawapa ushindi wanakijiji, Mahakama ya Rufani ikautengua. Kuna ardhi, kuna wafu, kuna ushindi unaoponyoka mkononi. Mbona mnasubiri mzungu mwenye miwani myeusi ashuke uwanja wa ndege?

Ninyi wa "dhati", nanyi acheni kutudharau. Mtu anayemfanya msichana wa Hanang asahau maziwa motoni ana uwezo ambao wengi wenu hamna. Uombeni, msiutukane. Na ninyi wenzangu wa vijiweni mnaoandika, rudisheni taharuki nyumbani. Iwekeni kwenye chai, kwenye dole gumba, kwenye kikao cha ukoo ambacho mjane haitwi.

Shauri letu liko baraza la ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, nimeisoma mwenyewe, kifungu kwa kifungu, polepole kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote. Tutashinda au tutashindwa, sijui. Mama hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Bado nasoma Mtobwa usiku. Siachi, msijisumbue kunishauri. Ila siku hizi karatasi ikiingia nyumbani, naweka kitabu chini na kumsomea mama neno kwa neno, mgeni akiwa amekaa pale pale anatusubiri.