Mambo ya Nyumbani: Vumbi la Kitandani



Mwalimu mmoja wa Boko ametuletea barua fupi. Asema kwamba darasani mwake yumo mtoto wa kike wa miaka tisa, ambaye kila asubuhi huja shuleni macho yamevimba na sauti imemkauka, naye husinzia kabla ya saa nne, maana usiku kucha amekohoa. Nyumbani kwao watu wamekwisha kumtafuta aliyemroga, na paka wa nyumba amefukuzwa, walakini kikohozi ki pale pale. Mwalimu atuuliza: je, vumbi la Boko ndilo limdhurulo, na kama ndilo, yawapasa wahame?

Hatukuona vema kulijibu swali hili hali tumeketi mezani petu. Basi tulikwenda.

Boko ipo kando ya barabara iendayo Bagamoyo, karibu na kilima cha Wazo wanakotengeneza saruji. Ardhi yake ni mchanga na mawe ya chokaa, na mahali palipokuwa mashamba ya mikorosho na minazi sasa pamejaa nyumba. Wakati wa kiangazi vumbi la njia za ndani hutua juu ya majani hata yakageuka rangi. Wakati wa masika sehemu za chini hushika maji siku nyingi. Mgeni aonapo hayo husema mara moja kwamba adui yuko nje. Sisi nasi tulisema hivyo njiani. Lakini tulipokaribishwa katika chumba cha mtoto tulianza kuwa na shaka. Dirisha lilikuwa moja, nalo hufungwa mchana kwa ajili ya vumbi na usiku kwa ajili ya wezi. Godoro halijatolewa nje tangu siku liliponunuliwa. Mito ilikuwa ya sufi, ya zamani sana. Ukuta ulio upande wa bafu ulikuwa umeota koga jeusi, na chini ya kitanda palikuwa na nguo, viatu, na mende.

Kabla ya kuendelea, tulieleze neno moja. Wazee wa pwani waliposema "mzio" walikuwa na maana ya kitu, hasa chakula, ambacho mtu hujiepusha nacho kwa kuwa humdhuru, au kwa kuwa ukoo wake umekikataza. Leo waganga wa hospitali wamelichukua neno lilo hilo kwa jambo ambalo daktari Clemens von Pirquet wa Vienna alilipa jina la alaji mwaka 1906. Jambo lenyewe ni hili: mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa, na katika watu wengine askari hao hukosea, wakakishambulia kitu kisicho na hatari, kama vile vumbi la godoro au yai. Katika vita hiyo pua hutiririka, macho huwasha, ngozi hutoka vipele, au mirija ya mapafu hujibana, na hiyo ndiyo pumu kwa watu wengi. Hapana mchawi katika jambo hili. Wala si ugonjwa wa kuambukiza, hata mtoto atengwe na wenzake darasani.

Sasa, katika godoro mna nini? Mna utitiri wa vumbi, wadudu wa jamii ya kupe, wadogo hata jicho haliwezi kuwaona vizuri. Urefu wao ni kama sehemu ya tatu ya milimita. Hawaumi mtu. Chakula chao ni magamba ya ngozi yetu yaangukayo tulalapo, na maji yao huyapata katika hewa yenye unyevu, na kwa sababu hiyo hustawi sana pwani. Kinachodhuru hasa ni mavi yao, ambayo hukauka yakawa unga, na kila mtoto agekapo kitandani unga huo huingia puani. Kwamba utitiri ndio chanzo cha mzio wa vumbi la nyumbani, jambo hilo lilionyeshwa na wataalamu wa Leiden, katika Uholanzi, katika miaka ya 1960. Kabla ya hapo watu walijua tu kwamba vumbi la nyumbani lina neno. Basi mtoto akohoaye usiku kuliko mchana, na kuamka na mafua yasiyokwisha, yafaa kwanza tukitazame kitanda chake.

Mama wa mtoto alituuliza kama yampasa kununua godoro jipya. Hapana. Godoro jipya nalo litapata wageni wale wale baada ya muda. Jua la Boko halina bei. Mwaka 1994 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba mazulia yaliyoanikwa katika jua kali yaliweza kuuawa utitiri wote uliomo. Basi siku ya jua godoro na mito vitolewe nje, viegemezwe mahali pakavu saa kadhaa, vigeuzwe, kisha vipigwe kwa fimbo mbali na mlango, maana jua huwaua wadudu lakini mavi yao hubaki. Apigaye asiwe yule mwenye pumu! Tumeona nyumba ambamo kazi hii hupewa mtoto mgonjwa kwa sababu ndiye mwenye godoro. Shuka na foronya zifuliwe kila juma. Maji ya moto wa nyuzi 60 huwaua wadudu, na mwenye kukosa kuni za kuchemsha afue kwa maji baridi na kuanika juani, kwani hata hivyo uchafu mwingi hutoka. Mito ile ya sufi tulishauri iachwe kabisa. Mwenye fedha kidogo amwombe fundi ashone mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, wenye zipu, lilale godoro zima ndani yake.

Lakini chandarua kisiguswe na shauri hili la jua. Chandarua chenye dawa hukaushwa kivulini, maana jua huiharibu dawa yake. Wala mtu asikiondoe kwa kisingizio cha vumbi, malaria haijatuacha.

Kufagia nako kuna namna yake. Fagio la chelewa likipita juu ya sakafu kavu huinua vumbi, nalo hukaa hewani kitambo kirefu baada ya mfagiaji kwenda zake. Nyunyiza maji kwanza, au piga deki kwa kitambaa kibichi, na mtoto awe nje. Walimu nao wafanye vivyo hivyo darasani, na ubao ufutwe kwa kitambaa chenye maji. Chaki haileti mzio kwa kawaida, lakini huchokoza mapafu yaliyokwisha kuumia.

Katika mende watu hucheka tukiwataja. Mwaka 1997 ilitangazwa habari ya watoto wenye pumu katika miji mikubwa ya Marekani: wale waliokuwa na mzio wa mende, na mende wakawa wengi vyumbani mwao, walilazwa hospitali mara nyingi kuliko wenzao. Dawa ya kupuliza si msaada kwa nyumba yenye pumu, kwani harufu yake hubana kifua. Afadhali vyombo visilale vichafu, unga ufunikwe, maji yasisimame bafuni usiku, nyufa zizibwe, na chambo kiwekwe mahali watoto wasipofika. Koga la ukutani lilitaka kazi moja tu: bomba lililovuja lirekebishwe. Kupaka chokaa juu yake ni kumvika mgonjwa nguo mpya.

Na yule paka? Amerudishwa, nasi hatukupinga. Ni kweli paka huwaletea wengi mzio, kwa mate na ngozi yake, na vumbi lake hubaki nyumbani miezi kadhaa baada ya yeye kuondoka. Hivyo kumfukuza juma moja na kutazama hakuonyeshi kitu. Ila mtoto huyu alipopimwa kwa kuchomwa ngozi kidogo, hakuwa na mzio wa paka, bali wa vumbi na mende. Paka atalala jikoni.

Moshi wa mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani si mzio, lakini humwumiza mwenye pumu kuliko mwingine yeyote. Vumbi la barabarani ni hivyo hivyo. Kwa hiyo jibu la swali la kuhama ni hapana, ingawa dirisha la upande wa barabara lifungwe magari yapitapo na la nyuma lifunguliwe kila siku. Uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa Wakiso, Uganda, kati ya mwaka 2015 na 2017 ulionyesha kwamba waliozaliwa na kulelewa mjini walikuwa na pumu zaidi kuliko waliotoka vijijini. Lakini mtoto amekwisha kuzaliwa, na nyumba imekwisha kujengwa.

Juu ya chakula tutasema machache. Bibi wa nyumba hii alikuwa amemkataza mtoto mayai, samaki na karanga, yote pamoja, kwa kudhani tu. Asiyedhuriwa na chakula asinyimwe. Tena mwaka 2015 madaktari wa London walionyesha kwamba watoto wachanga walio katika hatari ya mzio, wakipewa karanga laini mapema, wengi huepuka mzio huo. Lakini mtu akila kitu akavimba midomo, akakosa pumzi au kuzimia, asingojwe hata dakika. Apelekwe hospitali, maana sindano ya adrenalini ndiyo imwokoayo.

Jambo lililotusumbua zaidi tulilikuta kabatini. Mtoto alikwisha kupewa hospitali dawa mbili za kuvuta, ile ambayo watu huita inhela, nazo zimefichwa. Baba yake aliambiwa kwamba azoeaye dawa hiyo hawezi kuiacha, na kwamba hupewa waliokaribia kufa. Si kweli. Moja hufungua kifua wakati wa shida. Ya pili huvutwa kila siku ili shida isije, na kuianika mito hakuwezi kushika mahali pake. Tuliketi na baba huyo muda mrefu kuliko tulivyoketi juu ya godoro. Mwishoni alikubali kwamba moja ikae mfukoni mwa mtoto, na mwalimu aonyeshwe namna ya kumsaidia.

Tangu hapo zimepita wiki sita. Mwalimu aandika kwamba mtoto amekohoa usiku mara tatu tu, nazo ni zile siku za mvua ambazo godoro halikutoka. Masika yenyewe bado, nasi tutakwenda tena mwezi wa Mei kuutazama ule ukuta.