Land Rover ya zamani: kagua chini kabla ya rangi

Kwa familia ya Ololosokwan, gari ni njia ya kumfikisha mtoto hospitali ya Wasso usiku. Mwenye mifugo anaweza kuuza ng'ombe kadhaa apate Land Rover ya zamani. Lakini hata Defender za mwisho za aina ile zilitoka kiwandani Uingereza Januari 2016, hivyo ukaguzi ni lazima.

Mzazi, rangi mpya isikudanganye. Sehemu kubwa ya bodi ni alumini, haioti kutu kama chuma. Chesisi ni ya chuma. Nenda na fundi wako mwenyewe. Alale chini, agonge chesisi kwa nyundo ndogo, hasa upande wa nyuma. Penye kutu iliyokula, sauti hubadilika.

Kisha tazama viti. Nyingi zina mabenchi ya nyuma yanayotazamana, yasiyo na mikanda. Dereva akifunga breki ghafla, mtoto hurushwa. Uliza gharama ya kufunga viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda, uijumlishe kwenye bei.

Bomba la moshi likivuja, hewa ya kaboni monoksidi inaweza kuingia ndani. Haina rangi wala harufu. Huleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na inaweza kuua.

Mwisho, hakikisha jina kwenye kadi ni la muuzaji, na umiliki uhamishwe TRA. Kama fedha hazitoshi kununua gari pamoja na viti salama, ng'ombe wabaki bomani hadi zitoshe.