Mkono Usioweza Kuukata

Katika makanisa yetu mengi, "mnyenyekevu" limekuwa jina la mtu asiyesumbua. Binti wa kwaya asiyeuliza michango ya sare ilikwenda wapi ni mnyenyekevu. Mjumbe wa kamati anayetaka kuona mapato na matumizi ya ujenzi ameingiwa na roho ya kiburi. Mke anayemeza maneno ni mnyenyekevu. Mfanyakazi wa ndani anayepewa nusu ya mshahara na kushukuru ni mnyenyekevu zaidi. Imani hii imezama kiasi kwamba anayeipinga huonekana anapingana na Injili yenyewe. Lakini hiyo ni Injili iliyopinduliwa kichwa chini: fadhila ambayo Maandiko yanaanza kumdai mwenye cheo, sisi tumemtoza asiye nacho.

Lugha yetu inaijua tofauti hii hata pale mimbari inapoisahau. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" ni methali ya mwenye shida. Anainama kwa kuwa kitu kiko chini, na akishakipata ananyooka. "Mkono usioweza kuukata, ubusu" ni kali zaidi, maana inakiri bila haya kwamba anayebusu angekata kama angeweza. Wahenga hawakudai kwamba huo ni utakatifu. Walikuwa wakimfundisha mnyonge namna ya kuponyoka salama, na si vibaya kuponyoka. Sisi ndio tuliozichukua mbinu za woga, tukazivika kanzu, tukaziita tunda la Roho.

Andiko linaloitwa kutoa ushahidi mara nyingi ni Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 5, mstari wa 5, pale vijana wanapoagizwa kuwatii wazee. Mhubiri husoma hadi hapo, akafunga Biblia. Angesoma hadi mwisho wa mstari angekuta wote, wazee kwa vijana, wakiambiwa wajifunge unyenyekevu wao kwa wao. Na angerudi nyuma kidogo, mstari wa 2 na wa 3, angekuta kwamba sura nzima imeanza na wazee hao hao: wasilichunge kundi kwa tamaa ya fedha, wala wasijifanye mabwana juu ya waliokabidhiwa. Kwa hiyo mpangilio wa Petro ni wazi, kwanza mchungaji, ndipo kijana. Waraka kwa Wafilipi, sura ya 2, unakwenda njia hiyo hiyo, kwani anayejishusha humo ni yule aliyekuwa juu kabisa. Asiyekuwa na joho huwezi kumhubiria habari ya kulivua. Hata usiku wa kuwatawadha wanafunzi miguu, Yesu hakujifanya si kitu. Katika Yohana 13 anawaambia kwamba hawakosei kumwita Mwalimu na Bwana. Alikijua cheo chake, akashika beseni. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania wa karne ya 16, alifundisha kwamba unyenyekevu ni kutembea katika kweli. Kwa kipimo hicho, muuguzi anayeona daktari ameandika dozi isiyo sahihi akanyamaza ili asionekane mjuaji hajanyenyekea hata kidogo. Amemwogopa daktari, na mgonjwa ndiye atakayelipa.

Nitaambiwa kwamba Yesu alinyamaza kama mwanakondoo. Ni kweli, mbele ya Herode hakujibu neno. Ila katika mashtaka hayo hayo, nyumbani kwa kuhani mkuu, askari alipompiga kofi, Yesu alimtaka ataje ubaya aliousema, na kama haupo, aeleze kwa nini anampiga. Paulo naye, katika Matendo 16, alichapwa bila kuhukumiwa ilhali ni raia wa Rumi. Mahakimu walipoagiza aachiliwe kimyakimya alikataa kutoka mpaka waje wenyewe kumtoa. Mji huo ulikuwa Filipi. Maana yake ni kwamba Wafilipi waliposomewa waraka wa kujishusha, walijua vizuri umeandikwa na mtu wa namna gani. Na hapa kwetu Afrika Mashariki tunaye Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho wa Balokole, mkondo uliowafundisha watu kuungama dhambi zao hadharani, wamisionari Wazungu wakiungama mbele ya Waafrika. Huwezi kujishusha zaidi ya hapo. Mtu huyo, akiwa Askofu Mkuu nchini Uganda, alijiunga na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji, na tarehe 16 Februari 1977 akauawa. Serikali ilitangaza ajali ya gari. Anayeona magoti ya uamsho na barua ile kuwa mambo mawili yanayogombana hajaelewa magoti yalikuwa ya nini.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: tukiwaachia vijana waulize kila kitu, adabu itakufa. Shikamoo haimzuii mtu kuuliza. Unaweza kumwamkia mzee kwa heshima zote, kisha ukamwomba risiti. Nakubali kwamba wapo wanaouliza kwa majivuno, wenye furaha ya kumwona mkubwa akitoa jasho, na mitandao imewapa ukumbi. Hicho nacho ni kiburi, tena cha kuchosha. Lakini kiburi cha muulizaji hakiponywi kwa kuficha jibu. Mhazini na alifungue daftari la ujenzi mbele ya kamati, ukurasa kwa ukurasa, saruji na nondo na mabati. Kama mjumbe alikuwa anajikweza tu, tarakimu zitamshusha kuliko mahubiri ya miezi mitatu. Na zikikataa kulingana, basi tutajua lile somo la unyenyekevu la Jumapili iliyopita lilikuwa linamhusu nani.