Ujumbe wa Saa Nne Usiku
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania iko wazi: saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na saa za ziada hulipwa kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu. Lakini ilitungwa kabla ya kundi la WhatsApp la ofisi. Siku hizi bosi anaandika saa nne usiku, “Naomba ile ripoti,” tiki mbili za buluu zinamsema aliyesoma akanyamaza, na hakuna mhasibu anayeihesabu nusu saa ya kuishughulikia ripoti hiyo. Mwenye duka akipokea oda kitandani, faida ni yake. Mwajiriwa anaambulia usingizi wa mang'amung'amu. Ufaransa tangu Januari 2017 imezitaka kampuni kubwa zijadiliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kuzima simu baada ya kazi; Kenya nayo ilipata muswada kama huo katika Seneti mwaka 2022. Sisi tusingoje Bunge. Meneja aliyekumbuka jambo usiku aliandike, alitume asubuhi. Akishindwa kusubiri, basi alipe.