Malezi Hayakodishwi



Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa kidato cha kwanza insha fupi yenye kichwa "Nyumbani Kwetu". Nia yangu ilikuwa kupima viambishi vya mahali: nyumbani mwetu, jikoni, uani, kisimani. Mmoja wao aliandika kwamba kwao kuna vitanda thelathini vya ghorofa. Yeye hulala juu, kitanda cha kumi na nne. Kengele hulia saa kumi na moja alfajiri. Na Jumapili uji huwa na sukari ya kutosha. Nilimwita nikamwuliza kama alilielewa swali. Alinitazama kwa mshangao. Alikuwa amelielewa vizuri sana. Alipelekwa bwenini akiwa na umri wa miaka sita, na kwa hesabu yake nyumba ya wazazi ni mahali pa kwenda likizo. Sarufi yake haikuwa na kosa. Nilimpa alama zote, lakini sikufurahi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyefeli katika insha ile. Leo ninalo jibu, na ninalisema bila kuzunguka: mzazi mwenye uwezo wa kukaa na mtoto wake mdogo, akaamua kumpeleka bwenini kwa sababu jirani amempeleka wake, ameukimbia wajibu ambao hauwezi kulipiwa karo. Katika nchi yetu ya Uganda desturi hii imezoeleka kiasi kwamba anayeihoji huonekana mshamba au mtu asiyependa maendeleo. Mimi naihoji.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kiswahili kina maneno mawili pale ambapo watu wengi hufikiri lipo moja. Mzazi ni aliyezaa. Mlezi ni anayelea. Kitenzi "kuzaa" hutaja tukio linaloanza na kwisha. Kitenzi "kulea" hutaja kazi ya miaka. Ndiyo maana wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sasa tazameni jambo la ajabu. Yule mama anayesimamia watoto sitini wakati wa kulala, shule nyingi humwita mlezi wa bweni. Jina limehama. Mzazi amebaki na heshima ya kuzaa na risiti ya benki, na cheo cha mlezi amepewa mwajiriwa ambaye hawezi, hata akiwa malaika, kujua ni nani kati ya hao sitini aliyelia jana usiku na kwa nini.

Neno jingine ni "ulezi". Maana yake ni kazi ya kulea, na pia ni ile nafaka ndogo tunayosagia uji na kusongea ugali. Asili ya maneno haya mawili si lazima iwe moja, lakini mkulima wa Teso au wa Ankole atawaambia jinsi yanavyofaa kukaa pamoja. Ulezi hupaliliwa kwa mikono, mkulima akiwa ameinama, maana liko gugu linalofanana sana na mche wenyewe, na asiyeinama hawezi kulitofautisha. Mtoto naye ni hivyo. Uongo wa kwanza, woga wa kwanza, ukatili mdogo wa kwanza kwa mwenzake: haya huonekana kwa aliye karibu tu. Katika siku ya kutembelewa, mzazi ameketi chini ya mwembe na kuku wa kukaanga na soda, ataona nini? Ataona mtoto aliyeoga.

Sheria nayo iko wazi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 31, inasema kuwatunza na kuwalea watoto ni haki ya wazazi na pia ni wajibu wao. Ibara ya 34 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na kutunzwa nao. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, unaweka jukumu la kwanza la malezi mikononi mwa wazazi. Wanafunzi wa uraia, liangalieni neno hilo "wajibu". Haki mtu anaweza kuiacha kwa hiari yake. Wajibu hauachwi kwa sababu umechosha.

Sasa niwasikilize wazazi, kwa kuwa si haki kumhukumu mtu kabla hajajitetea.

Wa kwanza anasema: "Mwalimu, mimi natoka Mukono saa kumi na moja asubuhi, nakaa katika foleni hadi Kampala, narudi saa tatu usiku. Nani atakuwa na mtoto?" Hoja hii naiheshimu, maana foleni ile naifahamu. Lakini namwuliza: kama kazi imekula siku tano, siku mbili zilizobaki zimeliwa na nini? Mtoto anayelala nyumbani humwona babaye akivua viatu kwa uchovu, akaelewa kwamba chakula kina jasho. Hilo nalo ni somo, na bwenini halifundishwi. Tena mzazi mwenye fedha za karo ya bweni mara nyingi anaweza kumlipa mtu wa kumwangalia mtoto jioni, au kumleta shangazi, au kupatana na jirani. Njia hizo zina usumbufu. Kulea kuna usumbufu.

Wa pili anasema: "Nataka afaulu." Hapa ndipo penye kiini cha ugonjwa wetu. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, mtoto aliyepata jumla ya 4 ndiye bora kuliko wote, na picha yake huenda gazetini akiwa amebebwa juu juu. Kwa ajili ya hiyo 4, mtoto wa miaka minane huamshwa usiku wa manane kukariri majibu. Sikatai elimu, ndiyo inayonilisha. Ninachokataa ni kupima malezi kwa tarakimu moja. Nimefundisha watoto waliofika na alama za kung'aa wakashindwa kuomba radhi, wakashindwa kumwambia mwalimu kwamba wanaumwa, kwa kuwa kwa miaka saba hakuna aliyewahi kuwauliza wanajisikiaje.

Wa tatu anasema: "Bweni huleta nidhamu." Nidhamu ya kengele hukoma kengele inapokoma. Mtoto aliyezoea kutii mlio, siku atakapofika chuoni ambako hakuna anayepiga kengele, atamtii nani? Nidhamu ya kweli hujengwa pale mtoto anapoona mtu mzima anayempenda akijinyima, akitimiza ahadi, akikiri kosa lake. Wengine huficha chini ya neno hili tamaa ya fimbo: waambiwapo kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya sheria ya watoto viboko vimekatazwa shuleni, hulalamika kwamba serikali imewaharibia watoto. Mzazi huyo anataka mwalimu ampige mtoto ambaye yeye mwenyewe hajapata muda wa kuzungumza naye.

Wa nne ni msomi, na hoja yake ndiyo ngumu kuliko zote. Anasema: "Hata mababu zetu Buganda walipeleka watoto katika nyua za machifu na za Kabaka wakajifunze adabu. Kisaakaate ni bweni la zamani." Ni kweli walipeleka, na ni kweli kwamba Nnabagereka alilihuisha jina hilo tangu mwaka 2007. Lakini kisaakaate cha leo ni cha likizo. Mtoto huenda akarudi kwao. Na yule kijana wa zamani alikwenda katika nyumba ya watu, akawahudumia wazee, akasikia mashauri yao, akakaa chini ya macho ya watu wazima wengi. Mtoto wetu anawekwa chini ya mtu mzima mmoja na wenzake hamsini na tisa. Isitoshe, ukongwe wa desturi hauifanyi kuwa njema. Baadhi ya vijana wa nyua zile walipata vyeo, na baadhi waliteswa. Historia ya Buganda ya mwaka 1886 haijasahaulika.

Lakini silaha inayotumiwa zaidi dhidi yangu ni methali: mkono mmoja haulei mwana. Nimeisikia katika vikao vya wazazi mpaka nikaichoka, kwa kuwa husemwa kinyume cha maana yake. Methali hiyo inaomba mikono mingine iongezwe juu ya ule wa kwanza. Haisemi mkono wa kwanza uondoke. Katika koo zetu mtoto wa kike alikuwa na senga, shangazi wa upande wa baba, aliyemfundisha mambo ya utu uzima. Alikuwa na bibi wa hadithi, na mjomba wa kumkimbilia baba akikasirika. Hao wote walikuwa nyongeza. Sisi tumewaondoa wote, kisha na mzazi mwenyewe akajiondoa, ukabaki mkono mmoja kweli: ule wa mlezi wa bweni.

Na methali nyingine tuitendee haki. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wanaume wengi huipenda methali hii kwa sababu inamtaja mama. Mtoto akiharibika, "mtoto wa mama huyo"; akifaulu, "damu yangu". Baba anayetuma fedha kwa simu na kudhani amelea, ajue kwamba Katiba imetaja wazazi, haikutaja mama peke yake.

Sitaki kueleweka vibaya. Wapo ambao maneno haya hayawahusu. Mama aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani Oman au Saudia, akamwacha mtoto kwa nyanya yake kijijini, hakukimbia wajibu. Ameubeba kwa njia inayomuumiza, na nyanya yule ni mlezi kamili. Mtoto asiye na wazazi, mtoto anayeishi mbali mno na shule, mtoto mwenye ulemavu ambaye shule inayomfaa iko wilaya nyingine, mtoto ambaye nyumbani kwao kuna kipigo: kwao bweni linaweza kuwa wokovu. Nasema na mwenye kuchagua.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya hoja yangu. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, idadi ya wanafunzi iliruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Lilikuwa tendo jema, lakini madarasa yakafurika, na wazazi wenye fedha wakakimbilia shule za binafsi, nyingi zikiwa za bweni. Shule nzuri ya kutwa, iliyo umbali ambao mtoto anaweza kutembea kwa miguu, ni sera ya malezi kama ilivyo sera ya elimu. Ibara ile ile ya 34 inasema elimu ya msingi ni jukumu la dola na la wazazi. Mmoja akiliacha, mwenzake huelemewa. Tukumbuke pia usiku wa Aprili 2008, bweni la shule ya msingi lilipoungua huko Budo na wasichana wadogo wakateketea. Tuliomboleza, kisha tukarudi tulikokuwa.

Tulipata mtihani wetu mwaka 2020. Machi ya mwaka huo shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa. Maafa yalikuwa mengi: mimba za utotoni, kazi za kuvunja mawe, watoto ambao hawakurudi tena darasani. Lakini ndani ya nyumba nyingi za watu wenye nafasi lilitokea jambo jingine, nami nililishuhudia kwa jirani zangu. Wazazi walikutana na watoto wao. Baba mmoja aliniambia kwamba alikuwa hajui binti yake ni mkono wa kushoto. Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilidhani baada ya mkutano huo hawataachana upesi. Wiki shule zilipofunguliwa, magodoro yalifungwa juu ya magari kama zamani, na la binti yule lilikuwamo.

Basi, ninyi mnaosoma, wengi mkiwa bado vijana, mna sehemu gani? Mkataba wa Afrika niliouta hapo juu unawapa watoto nao wajibu: kushikamana na familia zao na kuwaheshimu wazazi. Kuheshimu si kunyamaza. Likizo hii, ukifika nyumbani, mwulize baba au mama jambo moja la utoto wake ambalo hujawahi kulisikia, kisha umwambie jambo moja la maisha yako ya shule ambalo hajawahi kulijua. Mkikosa la kusema, mtakuwa mmejua mahali pa kuanzia. Na siku mtakapokuwa wazazi, kabla ya kulipa karo ya bweni kwa mtoto wa miaka sita, mwambieni kwanza aandike insha ya "Nyumbani Kwetu".

Yule mwanafunzi wangu nimempa insha nyingine. Safari hii kichwa chake ni "Mtu Anayenijua". Ameniomba muda zaidi, nami nimempa.