Jua Linapompungukia Mwana Ng'ambo

Kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Agosti, ukipita uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta utaziona familia zimezunguka masanduku. Mama anapanga upya pakiti za unga, baba anauliza pasipoti iko wapi kwa mara ya tano, nyanya anaomba dua. Mwana anakwenda kusoma Uingereza. Koti zito limekwisha kununuliwa Gikomba, koti ambalo pengine lilitoka huko huko Uingereza na sasa linarudishwa kwao! Wasia nao ni ule ule: soma kwa bidii, jihadhari na marafiki wabaya, usisahau sala.

Habari za mwanga hazitajwi.

Mimi pia sikumtajia binti ya dada yangu alipoondoka kwenda Manchester miaka mitatu iliyopita. Alifika kiangazi chao kikimalizika, akawa anatupigia simu kila mara akisifu miti iliyoanza kugeuka rangi kabla ya kupukutisha majani. Ilipofika Novemba simu zikaadimika. Ukimpata, sauti ilikuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Alikuwa akilala hadi saa tano asubuhi, anakosa mihadhara, anasonga ugali mkubwa, kisha anarudi kitandani. Dada yangu alipandwa na hasira. "Tuliuza ploti ili akalale?" aliniuliza. Wengine katika ukoo walinong'ona kwamba ni mambo ya mvulana, na mjomba mmoja akaapa kuwa ni mkono wa mtu.

Mshauri wa wanafunzi chuoni mwake ndiye aliyemwuliza swali ambalo sisi hatukulifikiria: ni lini mara ya mwisho umekaa nje mchana?

Sisi wa Nairobi tumezoea jua lisilobadilisha ratiba. Mchana wetu hautofautiani hata kwa dakika 15 mwaka mzima. Manchester, mwezi Juni, mchana huchukua kama saa 17. Kufikia Desemba zimebaki saa saba na nusu, na jua hutua kabla ya saa kumi alasiri. Upungufu huo huenda kasi zaidi Septemba na Oktoba, yaani wakati ule ule mgeni anapohangaika kutafuta chumba na kuzoea masomo.

Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni huuarifu ubongo kwamba kumekucha. Giza nalo huufanya mwili utoe homoni ya usingizi iitwayo melatonini. Asubuhi zikiwa za giza, saa ya mwilini huchelewa. Watu wengine huzoea baada ya majuma machache. Wengine hulala kupita kiasi, hutamani vyakula vya wanga, huwakwepa wenzao na kupoteza hamu ya mambo waliyoyapenda. Daktari aliyeieleza hali hii kitaalamu mwaka 1984, Norman Rosenthal, ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Alihamia Marekani na kugundua kwamba nguvu zake mwenyewe zilipungua kila baridi ilipoingia. Alikuwa mtoto wa jua, kama wetu.

Basi mwana afanye nini? Asingoje Desemba. Tangu Septemba ajizoeze kutoka nje asubuhi, angalau nusu saa, hata mawingu yakitanda, kwa maana mchana wa mawingu bado hushinda kwa mbali taa ya chumbani. Akiweza, akae karibu na dirisha anaposoma. Zipo pia taa maalumu za nguvu ya laksi 10,000 ambazo mtu huketi mbele yake kama nusu saa kila asubuhi, bila kuzikodolea macho. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kuugua akili kwa kupanda na kushuka kwa hisia, amwone daktari kwanza.

Kisha kuna vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. Serikali ya Uingereza inashauri kila mtu atumie maikrogramu 10 kwa siku wakati wa miezi ya baridi, na wenye asili ya Kiafrika wafikirie kuitumia mwaka mzima, kwa sababu ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kutengeneza kiasi kile kile. Vidonge hivyo si ghali.

Ngozi nayo itapauka, kwani vipasha joto hukausha hewa ya nyumbani. Aoge maji ya vuguvugu, ajipake mafuta ya mgando mwili ukiwa bado na unyevu. Na badala ya kulitegemea lile koti la Gikomba peke yake, avae nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kujiandikisha kwa daktari katika majuma ya kwanza. Mwanafunzi aliyeomba visa ya zaidi ya miezi sita amekwisha kulipa ada ya afya, kwa hiyo asione haya kuitumia. Huzuni ikizidi majuma mawili, aende. Akianza kusema heri afe, hiyo si ya kungojea hata siku moja.

Nanyi mliobaki nyumbani mna kazi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza hurudisha saa zao nyuma, na tofauti yetu nao huwa saa tatu badala ya mbili. Simu mliyozoea kupiga saa tatu usiku sasa itamkuta saa kumi na mbili jioni, pengine akiwa bado njiani. Badilisheni wakati, lakini msiache kupiga. Asipopokea, msikimbilie kumtuhumu.

Yule binti alianza kutembea bustanini kila asubuhi, akanunua vidonge, akaendelea kumwona mshauri wake. Mtihani mmoja aliurudia. Siku hizi dada yangu akimpata kwenye simu haanzi na habari za alama. Huuliza, "Leo umetoka nje, mama?"