Hamamu ya Nyumbani Yataka Kupimwa Kabla ya Kununuliwa

Mwenyeji mmoja wa Mombasa, ambaye kwa miaka mingi sasa amehamia Nairobi na kujenga nyumba yake huko Karen, ametuletea swali ambalo tunaona si lake peke yake. Anataka kuweka sauna nyumbani. Wauzaji wamemwonyesha picha za chumba kidogo cha mbao kiitwacho sauna mseto: ndani mna jiko la umeme lililopangwa mawe juu yake, na ukutani mna mabamba yatoayo mionzi ya infraredi. Ameambiwa achukue hiyo hiyo, kwani ina yote mawili. Mkewe anaitaka kwa ajili ya sitara. Mama yake mzee, ambaye ana presha, keshasema kuwa yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuingia. Naye mwenyewe anauliza: je, si israfu hii?

Tuanze na hilo la israfu, kwa sababu wako watakaocheka kusikia mtoto wa Pwani anatafuta chumba cha kutolea jasho, na hali jasho kwao ni la bure tangu Januari hadi Machi. Kucheka huku ni kusahau. Anayepita Mji Mkongwe wa Unguja atauona mtaa uitwao Hamamni, na jina hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Hapo ndipo Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipojengesha hamamu ya mtindo wa Kiajemi kwa ajili ya watu wa mji, kazi iliyosimamiwa na fundi Haji Gulamhussein. Moto uliwashwa chini, sakafu ikapata joto, na watu wakaingia, wakatoka jasho, wakaoga, wakazungumza. Ilifanya kazi hadi miaka ya 1920. Kabla yake, mwaka 1850, babake Barghash, Seyyid Said, alikuwa amekwisha kujenga hamamu ya Kidichi katikati ya mashamba ya mikarafuu kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali. Magofu yake yangali yapo, na nakshi za maua na ndege kwenye kuta zake zaonekana hadi leo.

Wala si watawala peke yao. Nyumba kongwe za Lamu zilikuwa na birika la maji ndani kwa ndani, na chini ya birika wakajengea bakuli la kaure ili samaki wadogo wapate pa kukaa maji yanapopungua, nao wale viluwiluwi vya mbu. Watu waliofikiri hadi hapo hawakuwa wakichezea suala la kuoga. Na nani kati yetu hakufunikwa shuka utotoni, chungu cha majani ya mwarobaini na mchaichai kikifuka mbele yake, na bibi ameshika ncha za shuka ili asikimbie? Kujifukiza ni kwetu. Kilicho kigeni ni bei, na maneno matamu yanayouzwa pamoja na mbao.

Kwa hiyo hatusemi ni israfu kwa kuwa ni sauna. Ni israfu mtu akinunua asichokihitaji, au akinunua kisichoweza kufanya kazi mahali alipo. Na hapa ndipo tunapotaka kusema naye kwa urefu kidogo.

Kwanza ajue anauziwa nini. Sauna ya asili, ile ya Wafini, hutia moto hewa na mawe. Chumba hufika nyuzi 80 hadi 100 za sentigredi. Hewa ni kavu, na mtu akitaka hunyunyiza maji kidogo juu ya mawe, mvuke ukapanda ghafla. Infraredi haina haja na hewa. Yeyote aliyewahi kuota moto wa makaa asubuhi ya baridi anaijua: uso wachomeka, na mgongo ungali baridi. Ule ukali unaoupiga uso bila ya kupitia hewani, huo ndio mionzi yenyewe. Chumba chake huwa nyuzi 45 hadi 60 tu, lakini mwili hupata joto na jasho likatoka taratibu. (Na tukiwa hapo kwenye makaa: asitokee mtu wa kuiga sauna kwa kufunga mlango na kuweka jiko la mkaa ndani. Moshi usioonekana wa makaa humlaza mtu usingizi asiamke. Kila msimu wa baridi Nairobi hupoteza watu kwa njia hiyo.)

Sasa mseto ni kuviweka viwili hivyo katika chumba kimoja. Wazo si baya, ila lina siri zake. Mabamba ya infraredi yaliyotengenezwa kwa chumba cha nyuzi 50 hayakutengenezwa kwa chumba cha nyuzi 90, sembuse kumwagiwa mvuke. Muuzaji na aonyeshe maandishi ya mtengenezaji kuwa mabamba yale, nyaya zake na taa zake vinastahimili joto la juu na unyevu. Akishindwa kuyaonyesha, anachouza ni sauna ya infraredi iliyopachikwa jiko, na mwaka wa pili mabamba yatakufa. Jambo jingine ni kwamba chumba cha infraredi hutakiwa kiwe kidogo, mwili ukae karibu na mabamba. Chumba cha jiko hutakiwa kiwe kirefu kwenda juu na kipitishe hewa, kitundu cha kuingilia hewa kikiwa chini karibu na jiko na cha kutokea kikiwa upande wa pili. Anayechanganya viwili hivi hulegeza kimoja. Tumeona watu wakinunua mseto, na baada ya miezi mitatu wanatumia upande mmoja tu. Wangenunua huo mmoja.

Halafu kuna stima, na hapa Karen ina mambo yake. Ni mtaa wa viwanja vikubwa, nyumba ziko mbalimbali, miti mirefu imezipita nyaya. Jina lake lahusishwa na Karen Blixen, mwanamke wa Kideni aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong hadi 1931, na ambaye shughuli za nyumba yake zilikuwa mikononi mwa Msomali Mwislamu, Farah Aden. Lakini hayo tuyaache. Jiko la sauna ya watu wanne hula kilowati 6 au zaidi, na kulipasha chumba huchukua nusu saa hadi dakika 45 kabla mtu hajavua kandambili. Saa moja hivyo ni yuniti zipatazo 6. Infraredi ya watu wawili hula kilowati 2 hivi, huwa tayari kwa dakika 15, na nusu saa yake ni yuniti 1. Basi mwenye nyumba na amwite fundi wa umeme mwenye leseni kabla hajamwita muuzaji. Na apime kama laini iingiayo nyumbani ni ya fezi moja au tatu. Kama tayari ina hita za maji, pampu ya kisima na jiko la umeme, kuongeza kilowati 6 au 9 juu yake ni kuomba waya uungue ndani ya ukuta. Waya wa sauna uwe wake peke yake, na breka yake peke yake, na ile breka ikatayo umeme unapovuja isikosekane. Asitegemee betri za sola zimbebee jiko hilo; nyingi haziwezi. Na usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima: siku ya namna hiyo sauna ni kabati.

Maji nayo. Nyumba nyingi za Karen hutumia maji ya visima vya kuchimbwa, na maji ya chini ya ardhi ya Nairobi yana madini mengi. Yakinyunyizwa kwenye mawe kila siku huacha ukoko mweupe kwenye mawe na kwenye koili. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi ni bora zaidi. Watu wa Lamu waliojenga mabirika wangelijua hilo bila ya kuambiwa.

Mbao tutazipitia kwa haraka: ziwe zimekauka sawasawa, zisiwe na utomvu, ndani zisipakwe rangi wala vanishi, wala kusiwe na mbao za gundi za kubandikwa, kwani gundi ikipata joto hutoa mvuke wa sumu. Misumari izamishwe, msumari wenye nyuzi 80 huacha alama mwilini. Mlango ufunguke kwa nje na usiwe na kitasa cha kufunga. Hili la mlango si dogo.

Tuje kwa huyu mama mwenye presha, kwani kwetu sisi ndiye aliye roho ya swali hili. Wauzaji hupenda kutaja utafiti wa Finland, na utafiti huo upo. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wanaume 2,315 wa mashariki ya nchi hiyo, waliofuatiliwa kwa muda wa miaka ipatayo 20. Walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache kuliko walioingia mara 1 tu. Lakini hao ni wanaume, ni Wafini waliozaliwa na sauna nyumbani, na sauna yao ni ya jiko, si ya mabamba. Tena mtu mgonjwa hawezi kwenda sauna mara saba kwa wiki, kwa hiyo huenda afya ndiyo iliyowapeleka sauna, na si sauna tu iliyowapa afya. Huko Japani nako madaktari wamewatia wagonjwa wa moyo katika chumba cha joto la infraredi la nyuzi 60 kwa dakika 15, kisha wakawafunika mablanketi kwa nusu saa. Lakini hao walikuwa mikononi mwa madaktari.

Joto hupanua mishipa, presha hushuka. Mzee anayemeza dawa za kushusha presha, akakaa kwenye joto, kisha akainuka ghafla, aweza kuanguka akavunjika nyonga hapo hapo. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi aweza kuungua asijue, hasa karibu na mabamba. Mjamzito asiingie mpaka daktari wake aseme. Na mwanamume anayetafuta mtoto ajue kuwa joto kali la mara kwa mara hupunguza mbegu kwa muda. Kuhusu ile kauli kwamba jasho la infraredi hutoa sumu mwilini, hiyo ni ya sokoni. Jasho ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa. Kazi ya sumu ni ya figo na ini. Na ratili alizopunguza mtu kwa nusu saa humrudia kwa gilasi mbili za maji. Tulikwisha kuona mwaka 2020 nchi jirani ya Tanzania ilipohimiza watu wajifukize kwa ajili ya korona: mvuke ulifungua pua, na ni faraja kubwa hiyo, lakini kutibu maradhi yale ni jambo jingine ambalo halikuthibitishwa.

Imebaki sitara, hoja ya mke, na kwa maoni yetu ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote. Zimepokewa hadithi zinazowaamrisha wanaume wasiingie hamamu ila wamejifunga, na zilizo kali zaidi juu ya wanawake kuingia hamamu za watu wote. Sauna nyingi za hoteli na vilabu Nairobi huingiwa na wanaume na wanawake pamoja, kila mtu na taulo lake. Mwanamke wa Kiislamu anayetaka joto hilo kwa mgongo wake au kwa mapumziko yake hana pa kwenda pasipo na mashaka. Kwake yeye sauna ya nyumbani si pambo. Lakini basi sitara hiyo itimizwe: tumeona vyumba hivi vikiwekwa bustanini na mlango wa kioo ukaelekea geti, mahali anapokaa askari na anapopita mkata majani. Afadhali kiwekwe ndani, jirani na bafu, ambapo mtu atatoka, aoge, avae, bila ya kuvuka ua. Na katika mwezi wa Ramadhani wangoje baada ya futari na maji ya kutosha. Jasho la mchana kwa mtu aliyefunga ni kujitafutia kuzimia, na suala la kuvuta mvuke kwa makusudi mtu amefunga aliulizie kwa shehe wake.

Jibu letu kwa ndugu yetu wa Karen ni kuwa mseto autoe akilini, isipokuwa kama laini yake ni ya fezi tatu na vijana wake wanataka kweli joto la mawe. Kwa nyumba aliyotueleza, yenye mke, mama mzee, na pampu ya kisima kwenye laini moja, infraredi ya watu wawili ndani ya nyumba yatosha. Mama aende kwanza kwa daktari wake na karatasi ya dawa zake mkononi. Akiruhusiwa, aanze na dakika 8 kwa joto la chini, mtu akae naye, mlango nusu wazi, na akitoka akae kitako kwanza anywe maji kabla ya kusimama. Asiporuhusiwa, kingali kipo kibao cha miguu na beseni la maji ya vuguvugu na majani ya mpera, na wajukuu wa kumshikia kanga.